Mpira Huenda Wapi Kamba Ikikatika

Ibra, 2 Novemba 2025

Ndugu yangu Muadh,

Assalaam alaykum. Mwili natumai mzima. Moyo sikuulizi, maana wangu pia sitaki kuulizwa.

Nimezungumza na ustadh Muatasim, mshauri wenu hapo kizuizini. Amesema utaruhusiwa kufanya mtihani wa diploma ya kumalizia sekondari mwezi wa Januari humo humo ndani, na karatasi zangu atakupa yeye kwa mkono wake. Simu hairuhusiwi. Ama kuja kukuona, aliyekataza si wao, ni Baba. Anasema hatuwezi kwenda Nizwa kukutazama wewe mzima, na dada yake yuko Nizwa hiyo hiyo, kwenye kiti cha hospitali, anamtazama mwanawe aliyelala. Mpaka Yazeed afumbue macho, au Shangazi Turkiya mwenyewe atwambie nendeni, hatuji. Usimlaumu. Baba siku hizi hasemi na mtu, anakwenda kazini na kurudi, anakaa garini nje ya lango nusu saa kabla ya kuingia.

Yazeed yuko vile vile. Mashine inampumulia.

Mimi nisiyeweza kufanya lolote jengine nimeamua nitakusomesha fizikia. Nasomesha wasichana thelathini kila siku, na wewe utakuwa wa thelathini na moja na mvivu kuliko wote. Tunaanza na mwendo wa duara, kwa sababu mwaka jana ulinirudishia karatasi tupu.

Mpira wa gramu mia mbili umefungwa kwenye kamba ya sentimita themanini. Unazungushwa wima, kama gurudumu la baiskeli, kwa kasi ya mita nne kwa sekunde, na tuseme kasi haibadiliki. Kamba hii haistahimili zaidi ya nyutoni tano. Je, itakatika mpira ukiwa juu au ukiwa chini? Na ikikatika, mpira utakwenda wapi? Chora picha, utie mishale ya nguvu zote. Mvutano wa ardhi uchukue kumi.

Mama amesimama nyuma yangu, anasema barua bila ya salamu si barua, Bibi angetufufukia. Basi: Mama anakusalimu sana. Baba anakusalimu, hakusema, lakini mimi namjua. Mdogo wetu Maram anakusalimu, na amechukua chumba chako. Shangazi Turkiya anakusalimu. Yazeed anakusalimu, salamu zake nimeziazima mimi mpaka aamke akupe mwenyewe.

Dadako,
Lamya


Nizwa, 9 Novemba 2025

Dada Lamya,

Waalaykum salaam. Shikamoo, na Mama shikamoo, na Baba shikamoo.

Kiswahili changu cha kuandika unakijua, usinicheke. Humu naongea Kiarabu kutwa, barua yako nimeisoma kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Swali lako lina tabu moja: humu hakuna kamba. Siku ya kwanza walitoa kamba za viatu vyangu na kamba ya suruali ya michezo, na kile kishada cha shingoni kwenye kanzu wamekikata kwa mkasi. Mpira wa soksi ninao, cha kuufungia ndicho sina. Basi tumefanya hivi. Niko na mzee mmoja chumbani, anaitwa Harub, mtu wa Dima wa Tayyin, mambo yake ni ya ugomvi wa mbuzi na mpaka wa shamba. Nikampa ncha ya taulo akasimama katikati, mimi nikashika ncha nyengine nikamzunguka mbio. Mpira ni mimi. Nilizunguka mpaka mzee akasema kichwa kinamuuma, askari akaja akatukataza.

Lakini nimepata jibu. Nilihisi wazi kabisa natupwa nje. Kwa hiyo nimechora mshale mmoja wa taulo kwenda ndani na mshale mmoja mkubwa kwenda nje. Kamba itakatika mpira ukiwa juu, maana juu ndiko kunakotisha. Na ikikatika mpira utarushwa nje, mbali na katikati, na ile nguvu ya mshale mkubwa.

Dada, mimi nataka kitu kimoja tu, na mtihani si kitu hicho. Yazeed akiamka, kabla ya mtu yeyote kumwambia chochote, muulize kama amenisamehe. Hata kwa kichwa tu. Nikijua hilo, wanifanye watakavyo.

Msalimie Yazeed, mwambie sikioni. Wanasema anayelala vile anasikia.

Muadh


Ibra, 16 Novemba 2025

Muadh,

Salaam alaykum. Mzee Harub mpe pole ya kichwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kufanya hivyo kwa mtandio wa nduguye, naye akaja na mshale ule ule, kwa hiyo ujinga huu si wako peke yako.

Kwanza juu na chini. Kwenda duara kunataka mvuto wa kuelekea katikati: sifuri nukta mbili, mara nne mara nne, gawa kwa sifuri nukta nane. Unapata nyutoni nne. Mpira ukiwa juu, ardhi inauvuta kuelekea katikati pia, inaisaidia kamba. Nyutoni mbili za ardhi, mbili za kamba. Ukiwa chini ardhi inauvuta kinyume, kamba inabidi itoe zile nne na iubebe mpira, jumla sita. Inastahimili tano. Itakatika chini, pale ambapo mtu hana wasiwasi. Kutisha si kipimo.

Pili mshale wako mkubwa. Ufute. Haupo. Kila nguvu lazima iwe na mtu au kitu kinachoitoa. Nguvu ya taulo ilitolewa na Harub. Huo mshale wa nje ulitolewa na nani? Hukuwa na mtu nyuma yako. Ulichokihisi ni mwili wako ulitaka kwenda moja kwa moja, na taulo likakukatalia. Kamba ikikatika, mpira haurushwi. Unaachiliwa tu, unakwenda ulikokuwa umeelekea wakati ule, mstari ulionyooka. Rudia picha nzima, na mshale huo nisiuone.

Sasa habari. Shangazi amepiga simu juzi, anasema Yazeed amekunja kidole alipomsomea Yasin. Daktari anasema huenda ni mshituko wa misuli tu, lakini daktari si mama yake. Nilimwambia sikioni kama ulivyotaka. Nilimwambia Muadh anakusalimu na bado hajui kuchora mishale. Nilimtazama sana. Sikuona kitu, lakini sikukaa muda mrefu, chumba kile siwezi kukikalia.

Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Maram anauliza kama anaweza kupaka chumba rangi. Shangazi anakusalimu. Yazeed anakusalimu.

Lamya


Nizwa, 24 Novemba 2025

Dada,

Nimefurahi kwa kidole mpaka mzee Harub amenikanya, kasema furaha isimalizwe kabla ya wakati. Nilisali rakaa mbili.

Hesabu ya juu na chini nimeifahamu. Nimeirudia kwa namba nyengine nikapata sawa. Lakini mshale niachie.

Nitakwambia kwa nini, na usiwaonyeshe wengine. Siku ile sikuwa na kasi kubwa. Tulikuwa tunazungusha magari pale uwandani nje ya Ibra, watu wamesimama mbali, mimi nilikuwa kwenye duara yangu ya tatu au ya nne, mkono mmoja kwenye usukani. Wakili alipokuja aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia gari lilirushwa nje. Ndivyo lilivyokuwa, Dada, lilinitoka. Kitu kililisukuma. Ameandika hivyo hivyo, kwamba gari lilirushwa na nguvu iliyomshinda dereva, na anasema maneno hayo yatanifaa. Na mimi usiku nalala kwa maneno hayo.

Wewe unaniambia hakuna kitu. Kila nguvu lazima iwe na mwenyewe. Nikiufuta mshale, pale uwandani anabaki nani? Matairi yaliteleza kwenye kokoto, hiyo ndiyo kamba imekatika, sawa. Halafu gari likaenda lilikokuwa limeelekea, likamkuta Yazeed. Na aliyelielekeza nani? Unaona unakonipeleka.

Kwenye mtihani nitachora unavyotaka. Kwenye barua zako niachie mshale mmoja. Mwalimu gani asiyeweza kumwachia mtu mshale mmoja?

Muadh


Ibra, 7 Desemba 2025

Muadh,

Samahani nimechelewa, kazi zilikuwa nyingi shuleni.

Nakuletea swali jengine. Ndoo ya maji inazungushwa wima kwa kamba ya mita moja na sentimita sitini. Tafuta kasi ndogo kabisa ambayo maji hayatomwagika ndoo ikiwa juu. Dokezo: kwenye kasi hiyo kamba haivuti kitu, uzito peke yake unatosha. Zidisha kumi kwa urefu wa kamba, utafute kipeuo cha pili. Jibu ni mita nne kwa sekunde. Andika hatua zote, wasahihishaji wanatoa maksi kwa hatua.

Kuhusu mshale, uache kama unakusaidia. Si jambo kubwa.

Soma kwa bidii, ule vizuri. Mengine tutazungumza baada ya mtihani.

Lamya


Nizwa, 11 Desemba 2025

Dada,

Amefariki lini?

Usiniandikie kwamba nimekosea. Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma nikaitazama tena. Haina salamu ya mtu hata mmoja. Mama amekaa nyuma yako akakuacha upeleke barua bila salamu, Mama yule? Na swali umenipa pamoja na jibu lake. Na mshale umeniambia niuache. Tangu nilipojifunza kusoma hujapata kuniachia kosa hata moja, hata nilipokuwa na homa.

Nimemuomba ustadh Muatasim aniulizie hospitali, iko mtaa wa pili kutoka hapa. Kasema hana ruhusa, na uso wake umenijibu.

Niambie wewe. Sitaki kusikia kwa mtu wa barabarani.

Muadh


Ibra, 15 Desemba 2025

Muadh mdogo wangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Yazeed amefariki tarehe ishirini na nane Novemba, alfajiri, Ijumaa. Mapafu yalijaa. Shangazi alikuwa ametoka kwenda kusali, aliporudi walikuwa wameshafunga pazia. Barua yako ya mshale nimeikuta mezani siku tuliyorudi kutoka mazikoni.

Tumemzika Ibra baada ya sala ya Ijumaa. Baba ndiye aliyemuosha, akisaidiwa na jirani yetu Abdullatif, na Baba ndiye aliyeshuka kaburini. Watu walikuwa wengi, walijaa mpaka njiani. Hakuna aliyesema jina lako, kwa uzuri wala kwa ubaya, na hilo lilimchosha Mama kuliko kusemwa.

Nilitaka usijue mpaka Januari. Nilijiambia mtihani kwanza, asije akaanguka na hilo pia. Nilipokaa kukuandikia, Mama akasema salamu za maiti hazipelekwi, na ukiwataja wote ukamwacha Yazeed, Muadh atajua. Basi nikawaacha wote. Na ule mshale ningeupigania vipi? Nilishika kalamu nyekundu nikaiweka. Nisamehe. Mimi ninayekwambia kila siku uandike hatua zote nimeruka hatua moja kubwa.

Ulitaka nimuulize akiamka. Hakuamka. Sasa msamaha uko kwa Shangazi, na sijui kama anao. Hali chakula, anakunywa kahawa tu. Mama akimpelekea sinia, linarudi limefunikwa vile vile. Baba anakwenda kila magharibi kukaa kwenye kizingiti chake, Shangazi hamfukuzi, hamkaribishi. Nimejaribu kumtajia jina lako mara moja. Aliinuka akaenda kutia maji mimea. Siwezi kumlazimisha, na siwezi kukunyima ukweli tena. Mwandikie mwenyewe. Mimi nitaibeba barua mpaka mkononi mwake, zaidi ya hapo sina uwezo.

Mama anakusalimu. Baba anakusalimu. Maram anakusalimu, na chumba chako hakukipaka rangi.

Lamya


Nizwa, 19 Desemba 2025

Kwa Shangazi yangu Turkiya,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, Shangazi. Mungu amrehemu Yazeed, na akupe subira. Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naichana.

Nataka kukwambia ilivyokuwa, kwa sababu wakili wangu ameandika namna nyengine, na maneno yale yalitoka kinywani mwangu. Nilisema gari lilirushwa. Gari halikurushwa, Shangazi. Hakukuwa na upepo wala mtu aliyenisukuma. Nilikuwa nazunguka kwenye kokoto, matairi yakakosa pa kushika, gari likaenda moja kwa moja kule lilikokuwa limeelekea. Na mimi ndiye niliyekuwa nimelielekeza. Nitawaambia na wao hivyo hivyo. Mzee ninayelala naye anasema nitajiumiza. Wakili pia atasema hivyo. Lakini siwezi kukuomba wewe kwa maneno haya, halafu kule niseme mengine.

Sikumuona alipofika. Wengine wote walikuwa wamesimama upande wa magari, yeye alikuja kutoka upande wa barabara, kwa miguu, amenyanyua mkono kama mtu anayeita. Sijui alifuata nini. Yazeed hakupenda mambo yale, alikuwa akituambia sisi ni watu wa kupoteza petroli. Kila siku najiuliza alikuja kwa nini na sipati.

Naomba unisamehe. Siombi ili nitoke. Kuhusu kutoka, wataamua wenyewe. Nilikuwa nikimngoja yeye aamke nimuombe, sasa sina mtu mwengine isipokuwa wewe. Ukinikatalia nitajua nimekatiwa hukumu, na hiyo pia haki yako.

Mimi mtoto wako,
Muadh bin Humaid


Ibra, 3 Januari 2026

Muadh,

Waalaykum salaam. Marahaba.

Barua yako Lamya aliniletea siku nyingi. Niliiweka chini ya mto, nikaifungua juzi watu walipopungua. Nnaandika kwa mkono wangu mwenyewe na macho yangu si mazuri, usome polepole.

Umesema kweli kuhusu gari. Nilikuwa nnajua, maana watu waliokuwapo walinambia. Sikutaraji kwamba utasema wewe. Mama yako amekulea.

Unauliza Yazeed alifuata nini. Askari aliniuliza, baba yako aliniuliza, wanawake wa matangani waliniuliza. Wote niliwajibu sijui, vijana hawaagi.

Nilimtuma mimi. Ilikuwa Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, bokoboko la ngano na nyama nimeshalipakua na samli nimeshaitia juu. Alikuwa na njaa, alitia mkono kwenye sinia nikampiga kofi la vidole. Nikamwambia nyumba hii tangu kwa mama yangu Unguja sinia haliguswi mpaka wote wakae, na Ijumaa Muadh anakula hapa, nenda kamwite. Akasema, Mama, Muadh yuko kwenye magari na wenziwe, mwache, atakula kwao. Nikamwambia nenda, na usirudi bila yeye. Akanicheka, akavaa viatu. Hakula hata tonge moja.

Mkono aliounyanyua alikuwa anakuita wewe uje ule.

Haya nimekwambia wewe tu. Baba yako hajui. Anakuja kukaa kwenye kizingiti changu kila magharibi akidhani nina chuki na mwanawe, nami nnamwacha adhani, kwa sababu chuki anaielewa. Nimemwambia jana aende akakuone. Atakuja na Mama yako wiki ijayo. Usimwambie.

Ama hilo unaloliomba, mwanangu, nimelijaribu. Nnakaa kwenye mswala nnalitia ulimini, na linakataa kutoka. Si kwa kuwa nakuchukia. Nimekulisha kwa mkono huu. Ni kwamba nikishakusamehe wewe, kosa hili atabaki nalo mtu mmoja, na mtu huyo hana wa kumwendea. Yazeed ndiye ningemuomba. Mtihani wako ufanye. Mengine ngoja, ukae na kosa hili pamoja na mimi kidogo, maana peke yangu siliwezi.

Shangazi yako,
Turkiya